Kibali cha Kumwona Mama

Mabamba, Kibondo
14 Machi 2012

Dada yangu Epifania,

Amahoro. Nakusalimu wewe, Mama, na wote wanaokula kutoka sufuria yako. Mimi mzima, isipokuwa kidole cha mguu nilichokigonga na jembe, nacho kinapona. Naandika barua kwa sababu simu yangu nikiwa hapa kilimani inadaka mtandao wa Burundi, salio linaisha kabla sijamaliza kusema haloo. Barua hii anakuletea Bwana Hashimu, yule mwenye Fuso la chumvi, ambaye sasa anakuja huku mara kwa mara.

Jambo lenyewe ni hili. Wale watu wa mradi wa miti wamefunga virago, na mimi niliyekuwa msimamizi wa kitalu chao nimebaki msimamizi wa hewa. Vilima vya huku unavijua, vina vipara tangu enzi za kambi ya wakimbizi. Nimekaa, nimewaza, nimeanzisha chuo. Kinaitwa Chuo cha Elimu ya Mazingira Mabamba. Kipo kwenye shamba la marehemu Baba. Mkuu wa chuo ni mimi.

Tumeanza na wanafunzi saba. Mmoja wao, Claude, kijana wa hapa hapa mpakani, alikuja akidhani ni chuo cha udereva. Alipogundua, mvua ilikuwa imeanza, akaingia darasani kujikinga. Mpaka leo yupo, na ndiye anayeongoza kwa alama.

Naomba unitumie magunia ya mkaa yaliyochakaa, tuyakate tupandie miche. Najua kwenye biashara yako hayakosekani. Mwambie Mama goti lipone taratibu, asiwe na haraka ya kurudi. Nyumba yake ipo salama na haijakaa tupu.

Mdogo wako,
Tharsisi, Mkuu wa Chuo


Kasulu
2 Juni 2012

Mdogo wangu Tharsisi,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku tunaendelea. Mahindi tumeshavuna, panya nao wamevuna. Mama anakusalimu. Goti linamruhusu kwenda kanisani, lakini halimruhusu kuosha vyombo. Hashimu aliniletea barua yako ikiwa imelowa chumvi, nikaianika kwanza ndipo nikaisoma.

Magunia nimekutumia. Usiniulize yalibeba mkaa wa wapi.

Kuhusu chuo, majirani wameniuliza mdogo wangu anafundisha nini, nikasema mazingira. Wakasema, mazingira si yapo tu? Nimekosa jibu, nitumie jibu. Ila nimefurahi kwamba una kazi, kwa sababu mwanamume asiye na kazi huanza kutoa ushauri kwa dada zake.

Mama amesikia barua yako ikisomwa, akaniambia nirudie pale pa nyumba. Nikarudia. Akauliza, "Haijakaa tupu kwa sababu gani? Amemweka nani ndani ya nyumba yangu?" Tafadhali mjibu. Ananiuliza mimi kila tukikaa kula, kana kwamba nimemficha mpangaji chini ya meza.

Dada yako,
Epifania


Mabamba, Kibondo
20 Novemba 2012

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Samahani kwa kuchelewa. Masika yote tulikuwa tunapanda, na kiangazi chote tulikuwa tunamwagilia kwa ndoo kutoka mtoni. Wanafunzi wawili wameacha. Walisema kama elimu ni kubeba maji, wao walishahitimu nyumbani. Waliobaki ni wazuri mno. Shamba la Baba sasa lina miti ya asili, mikaratusi kidogo pembeni, na mizinga ya nyuki.

Tumetembelewa na mkaguzi. Anaitwa Bwana Evaristi, ni mtu mpole, anatembea na mwamvuli hata jua likiwa limezama. Alizunguka chuo chote, akatikisa kichwa, akasema, "Mkuu, chuo chako ni cha mazingira, lakini mazingira yako ni machafu."

Nikamuuliza, machafu vipi?

"Kuna majani kila mahali. Kuna miti karibu na darasa. Usafi wa mazingira unataka fyeka yote, paonekane."

Nikamweleza kwamba hayo majani ndiyo masomo yenyewe. Akasema anaelewa, lakini masharti ya vyuo hayaelewi. Chuo lazima kiwe na uwanja mweupe, uzio wa nguzo za miti, na kibao cha mbao ngumu. Kwa hesabu yangu, ili tusajiliwe kuwa chuo cha kutunza miti, ilitupasa tukate karibu nusu ya miti tuliyonayo.

Tumepatana hivi. Uzio nimeupanda minyaa, na yeye ameandika kwamba nguzo "zinaendelea kukua." Kibao kimechorwa kwenye bati tulilong'oa kwenye paa la jikoni, kwa hiyo mvua ikinyesha sasa tunapika kwa zamu na mwamvuli. Na kipande kidogo mbele ya mlango tumefyeka, ndipo anapopenda kupigia picha.

Mpe Mama salamu nyingi sana. Mwambie mvua ni nzuri.

Tharsisi, Mkuu wa Chuo (kilichosajiliwa kwa muda)


Kasulu
17 Februari 2013

Tharsisi,

Hatujambo. Epuka maneno mengi, nami nitaepuka. Mama amesema mvua hakuuliza. Ameuliza nani anakaa ndani ya nyumba yake.

Mimi na yeye siku hizi hatuelewani vizuri. Nimemnunulia kiti chenye mto, hakikalii. Nimempa chumba cha mbele chenye dirisha, anasema dirisha linaangalia ukuta wa watu. Nikimpikia wali, anauliza kama ugali umeisha duniani. Jana nimemkuta amefunga kitambaa chake cha safari kichwani, amekaa mlangoni. Nikamwuliza, "Mama, unakwenda wapi?" Akasema, "Nakaa tu." Lakini mtu anayekaa tu havai viatu.

Mjibu mzazi wako.

Epifania


Mabamba, Kibondo
6 Oktoba 2013

Dada yangu,

Amahoro. Najua miezi imepita na najua unajua kwa nini. Basi nakujibu.

Ndani ya nyumba ya Mama kuna nyuki.

Ilikuwa hivi, wiki za kwanza kabisa za chuo. Tulikuwa kwenye somo la kugawa kundi la nyuki. Kundi likagawanyika vizuri kama nilivyofundisha, ila nusu yake badala ya kuingia kwenye mzinga mpya ikaingia kwa Mama kupitia dirishani. Wamejenga dari nzima. Ningeweza kuwafukuza kwa moshi, lakini wakati huo Claude alikuwa ameshaandika ubaoni sheria ya kwanza ya chuo, akiigiza mwandiko wangu: kiumbe kisifukuzwe mahali kilipochagua kuishi. Wanafunzi wote walikuwa wananitazama mimi. Dada, ungefanya nini? Nikahamia kulala darasani.

Sasa la pili, ambalo linaniuma zaidi. Mwezi uliopita watu wameingia upande wa bondeni, wameangusha miti mikubwa ya zamani aliyoiacha Baba, wamechoma mkaa hapo hapo. Tumekuta majivu yakiwa bado ya moto. Claude alikaa chini akalia kama amefiwa, na yule ni mtu aliyekuja kujifunza gari. Watu wanasema magunia yalipakiwa kuelekea Kasulu. Nakuuliza kama mdogo wako, si kama Mkuu wa Chuo: wale wanaokuletea mkaa, unawajua wanautoa wapi?

Nimeandika kwa wakubwa wa hifadhi nikiomba watulindie msitu wetu. Nimeandika kwa nguvu zote. Nimesema msitu huu ni wa thamani kuliko kitu chochote hapa Mabamba, na kwamba hakuna mtu anayefaa kuukaribia.

Msomee Mama barua hii polepole.

Tharsisi


Kasulu
19 Januari 2014

Mdogo wangu mpendwa sana Tharsisi,

Tumsifu Yesu Kristo. Heri ya mwaka mpya. Mimi sijambo, watoto hawajambo, kuku hawajambo. Mama hajambo kabisa. Anakula vizuri, analala vizuri, kile kiti chenye mto sasa anakikalia kutwa nzima. Jana amekula wali sahani mbili na akausifu. Nilimsomea ile barua yako ya nyuki kabla ya Noeli, akacheka tu. Sasa hivi amepumzika chumbani, ndiyo maana hajaongeza salamu zake mwenyewe.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi wowote. Na tafadhali usije Kasulu kwa sasa, barabara ni mbaya, na chuo kinakuhitaji.

Kuhusu mkaa uliouliza, hapa karatasi imeniishia.

Dada yako akupendaye,
Epifania


Mabamba, Kibondo
11 Machi 2014

Dada Epifania,

Nimepokea barua yako na nimeisoma kwa sauti. Nimefurahi sana kusikia kwamba Mama anakula wali sahani mbili. Na yeye mwenyewe amefurahi kusikia, kwa sababu alikuwa ameketi mbele yangu akimenya maharage.

Nisamehe, dada. Yupo hapa tangu wiki moja kabla ya Noeli. Alishuka kwenye Fuso la Hashimu, juu ya magunia ya chumvi, na jembe lake mkononi. Hakunisalimia. Alikwenda moja kwa moja hadi nyumbani kwake, akasimama mlangoni, akawaangalia nyuki, nyuki wakamwangalia. Akasema, "Nyinyi kaeni juu, mimi nitakaa chini." Akaingia. Nilifunga macho. Nilipofumbua alikuwa anafagia.

Nilitaka kukuandikia siku ile ile. Akanikataza. Alisema nisiandike mpaka maharage yake yakomae, kwa sababu wewe ungekuja kumchukua, na maharage hayahamishiki. Niliapa, unamjua Mama akitaka kiapo. Hashimu naye ameapishwa kivyake.

Nilipofika pale uliposema "amepumzika chumbani," Mama alicheka kwanza. Halafu akaacha kumenya. Akasema, "Huyu mtoto ameteseka." Akaniambia sasa nikuandikie.

Tharsisi


Kasulu
23 Machi 2014

Tharsisi,

Salamu sitoi.

Nilitangaza kanisani. Shekhe alinitangazia msikitini. Nilikwenda Titye kwa sababu mtu alisema ameona mama mzee mwenye jembe. Nikakuta kila mama mzee wa Titye ana jembe. Nilikwenda mpaka Muyama. Unajua nani alinisindikiza Muyama? Hashimu, kwa Fuso lile lile. Njia nzima ananiambia, "Tumuachie Mungu, dada, moyo wangu unaniambia yupo mahali pazuri." Nikamshukuru! Nikampikia kuku!

Nilikuandikia uongo ule kwa sababu niliona aibu. Ulinipa mama nikulindie, nikampoteza kama mtu anavyopoteza ufunguo. Na nyinyi watatu mlikuwa mnajua, mnakula maharage.

Sina la kuongeza. Mwambie Mama viatu vyake vya kanisani amevisahau.

Epifania


Mabamba, Kibondo
28 Septemba 2014

Dada yangu Epifania,

Hukunijibu barua mbili nilizokuandikia, na sikulaumu. Hii ya tatu naomba uisome hadi mwisho, kwa sababu mambo yamekuwa makubwa.

Ombi langu la ulinzi limekubaliwa. Limekubaliwa kupita kiasi. Bwana Evaristi, ambaye siku hizi amehamishiwa upande wa hifadhi, alikuja na mwamvuli wake na watu wawili, akasimama kwenye kile kipande chetu kilichofyekwa, akasoma tangazo. Shamba lote la Baba, kuanzia minyaa hadi mtoni, ni msitu wa hifadhi. Haruhusiwi mtu kuingia, kulima, kujenga wala kufundisha.

Nikamwambia, "Bwana Evaristi, mimi ndiye niliyeupanda."

Akasema, "Na tunakupongeza sana. Mwombaji mwenyewe ameandika hapa kwamba hakuna mtu anayefaa kuukaribia."

"Mwombaji ni mimi!"

"Ndiyo maana ombi lina nguvu."

Kisha wakaanza kuorodhesha vilivyomo, kwa sababu tangazo linasema kila kiumbe kilichokutwa ndani ya mpaka siku hiyo kisihamishwe, kisisumbuliwe wala kisiondolewe. Wakaandika miti, ndege, ngedere, nyuki. Wakafika kwa Mama. Alikuwa ameketi nje ya nyumba anachambua mboga. Evaristi akamwomba asimame aondoke. Mama akakataa kwa Kirundi, "Oya." Akaombwa tena. "Oya." Mmoja wao akataka kumshika mkono, nyuki wakashuka kidogo kutoka darini, sio wengi, wa kutosha tu. Yule bwana akarudi nyuma hadi kwenye minyaa.

Evaristi ni mtu wa kufuata utaratibu. Alisoma tangazo lake tena, mstari kwa mstari, mwamvuli ukiwa kwapani. Akaniuliza taratibu, "Mkuu, mama huyu alikuwepo nilipoanza kusoma?" Nikasema alikuwepo. "Basi amekutwa," akasema. Akamwandika. Kwenye fomu yake hakukuwa na safu ya binadamu, akamweka kati ya nyuki na mchwa: Ntirampeba, mmoja, jike, mzima.

Mimi na wanafunzi tumetolewa siku hiyo hiyo. Sasa tunafundisha kando ya barabara, ng'ambo ya minyaa, tukiutazama msitu kama watu wanaotazama harusi ya jirani. Kumwona Mama inabidi niende Kibondo mjini kuomba kibali. Wana aina mbili tu, utafiti na utalii. Mimi nimechukua utafiti. Pale penye "kiumbe kinachochunguzwa" niliandika: mama yangu.

Nimemwambia nitakata rufaa. Amerudi kwenye mboga zake. Dada, njoo. Mimi peke yangu siwezi kuyabeba haya.

Tharsisi, Mkuu wa Chuo (kando ya barabara)


Kasulu
4 Januari 2015

Mdogo wangu Tharsisi,

Amahoro. Watoto hawajambo. Nimerudi nyumbani salama, tako tu ndilo limechoka.

Nilikuja, na hukuwepo. Claude aliniambia umekwenda Kibondo kwa ajili ya rufaa, kwa hiyo nakuandikia yaliyotokea. Mimi nilipewa kibali cha utalii, kwa sababu wa utafiti wanaulizwa maswali. Mlinzi aliniambia nisimlishe kitu chochote wala nisimpige picha ya ghafla. Nilikuwa nimebeba viatu vyake na mkungu wa ndizi. Viatu akaniruhusu.

Nilimkuta anapalilia. Nikamwuliza mlinzi, mbona kilimo kimekatazwa? Akasema maharage yaliorodheshwa pia, na kiumbe wa hifadhi anaruhusiwa kujitafutia chakula.

Tharsisi, nilikuwa nimepanga maneno makali tangu Kasulu. Nilipomwona yote yakanitoka. Nikamwuliza moja tu: "Mama, nilikukosea nini?"

Akasimama, akanyoosha mgongo. Akasema, "Hukunikosea, mwana wanje, mwanangu. Kwako nilikuwa mgeni anayelishwa vizuri. Mgeni hata ashibe vipi, anasikiliza gari."

Akavaa viatu palepale shambani, tukakaa. Nyuki walipita juu yetu, nikaogopa kidogo, halafu nikachoka kuogopa. Tulizungumza mpaka mlinzi akaja kusema muda wa utalii umeisha. Nimelia njia nzima, na Hashimu, ambaye bado sijamsamehe, alizima redio yake bila kuambiwa.

Hilo la rufaa, mimi dada yako nasema, fikiria vizuri unamwombea nani.

Na lile swali lako la mkaa. Siku hizi nauza dagaa. Usiniulize zaidi.

Epifania


Mabamba, ndani ya hifadhi
8 Machi 2015

Kwa wanangu Epifania na Tharsisi,

Ni mimi Mama yenu, Ntirampeba. Anayeandika ni Claude, amesimama ng'ambo ya minyaa na mimi nipo upande huu, kwa hiyo nasema kwa sauti na mlinzi naye anasikia. Haidhuru. Nimemwambia Claude aandike kama nilivyosema, asipambe.

Mimi ni mzima. Goti linauma asubuhi, mchana linasahau.

Mmeandikiana miaka mitatu kuhusu mimi. Mmoja ananificha kwa mwingine, mwingine ananificha kwa mmoja, na mimi nipo. Sasa nataka kusema la kwangu.

Tharsisi, acha rufaa. Nasikia unataka wafute tangazo ili chuo kirudi ndani. Chuo kipo hapo barabarani, nakisikia kila siku mkiimba majina ya miti. Wiki hii nimehesabu sauti ngeni. Watu wanaopita na baiskeli kwenda mnadani wanasimama kusikiliza. Ndani mlikuwa wachache, mkijifundisha wenyewe. Kaeni barabarani.

Na mimi niacheni. Nilipovuka mto kutoka Burundi kuja nchi hii, Epifania ukiwa mgongoni, tulifukuzwa kwa panga, halikuwa na karatasi. Tukapata kijiji, ikaja karatasi ikasema tuondoke, twende kambini. Kambini ikaja karatasi, kambi inafungwa, tuondoke. Tukapewa uraia, ni karatasi nzuri, nayo ilikuja na nyingine ya kutuambia tuhamie wapi. Baba yenu alipata shamba hili akafa kabla hajaamini kuwa ni lake. Halafu goti, nikahamishiwa Kasulu. Epifania, wewe ulinihamisha kwa upendo, lakini ulinihamisha.

Huyu bwana wa mwamvuli amekuja na karatasi. Nilidhani najua inachosema, nikang'ang'ania kiti. Claude amenisomea mara nyingi kupitia minyaa ili niwe na hakika. Inasema nisihamishwe, nisisumbuliwe, nisiondolewe. Ina muhuri. Kwamba wameniandika na mchwa, sijali. Mchwa hajawahi kuambiwa afungashe.

Mlinzi ameniuliza jana kama nakubali kuonwa na watu, kwa sababu maombi ya vibali yamezidi. Nimemwambia Jumapili baada ya misa. Siku nyingine niko kwenye maharage.

Njooni wote wawili kwa pamoja. Andikeni utalii, wa utafiti anachelewa getini. Mkifika kwenye minyaa piteni polepole upande wa kulia, ngedere amezaa.

Mama yenu,
Ntirampeba